Mshirazi wa Kasulu

Mwaka 1999 nilipokwenda kuposa Pangani sikuulizwa nina mshahara gani. Ningeulizwa ningejibu, maana uongo wa upande huo nilikuwa nimeuandaa tangu Dar. Pembeni ya mkeka alikaa mzee mmoja mwenye tasbihi, mikono yake ina vikovu vidogo vidogo kama mtu aliyegombana na paka miaka mingi. Hadi leo sijui alikuwa mkwe wangu wa upande gani. Alinyanyua kope akauliza, "Na asili yao hawa?"

Mshenga wangu, mtu niliyemlipia nauli, chai na vitumbua viwili vya njiani, akajibu bila kupepesa: "Washirazi hawa."

Mimi nikatikisa kichwa polepole, kama mtu anayekumbuka jahazi.

Tangu siku hiyo ni Mshirazi. Miaka 26 sasa. Ushirazi ni mali nzuri: haulipiwi kodi, hauchakai, na hakuna anayekudai risiti. Nimeutumia harusini, nimeutumia misibani, nimeutumia barazani kila nilipozidiwa hoja ya mpira. Nilijisomea hata habari za yule Ali bin Hassan wa kwenye masimulizi ya Kilwa, mwana wa sultani wa Shirazi anayesemwa alikinunua kisiwa kwa vitambaa vya kutosha kukizunguka chote. Vitambaa hivyo nikawa navielezea rangi na urefu, kama vile vimo kwenye sanduku la bibi yangu. Pwani hii kila mtu ana babu aliyeshuka jahazini. Sijapata kusikia mwenye babu aliyeshuka kwenye lori.

Mkosi ukaja na fomu.

Nilikuwa nahitaji hati fulani kutoka ofisi fulani. Siitaji kwa jina, karatasi zangu bado ziko kwao. Fomu ina kurasa nne, na ukurasa wa tatu unamtaka babu mzaa baba: jina kamili, kijiji alichozaliwa, kata, wilaya, mkoa. Nikaandika "Tanga", nikapeleka dirishani kifua mbele.

"Tanga ipi, mzee wangu?" akauliza binti wa dirishani.

"Tanga hii hii."

"Kijiji?"

Foleni nyuma yangu ikaguna. Nilifikiria kuandika Shirazi, lakini fomu ingedai na kata yake. Binti akanisukumia karatasi kwa kidole kimoja. "Kaulize nyumbani, baba. Mtu hakosi kwao."

Nina miaka 53. Nina wajukuu wawili na kiwanja Chanika chenye kesi. Na mtoto wa juzi ananiambia nikaulize kwetu.

Wa kuulizwa amebaki mmoja, mama yangu, yuko Mbagala. Baba alifariki 2004, na hata alipokuwa hai kumuuliza ilikuwa kazi bure: ukitamka "kwenu" tu, anawasha redio. Mama anachojua ni Muheza, shamba la mkonge, kambi ya zamani, na kaburi la babu liko chini ya mwembe.

"Na ndugu?"

"Hakuna aliyebaki."

"Umejuaje?"

"Angekuwapo hata mmoja," alisema mama, "miaka yote hii si angekuja kuomba hela?"

Hoja ilikuwa nzito, nikaikubali, na ndiyo iliyonipa moyo wa kusafiri. Babu aliyekufa hana gharama. Unamsomea dua, unampiga picha, unaandika kijiji chake, unapanda basi la jioni. Nasikia Marekani mtu anayetafuta ukoo wake hutema mate kwenye kichupa, akakipeleka posta, majibu yakamkuta kwenye kochi. Sisi mate tunayamaliza kwa makonda. Basi nililopanda liliandikwa kuondoka saa 12 asubuhi, na saa 2 kasoro bado lilikuwa linanguruma palepale stendi ili tuamini linakwenda. Jirani yangu wa kiti alilala begani kwangu kuanzia Chalinze hadi Segera na alipoamka akanitazama kama mimi ndiye niliyemlalia.

Muheza ukifika unajua, maana machungwa yanaingia dirishani kabla basi halijasimama. Nikachukua bodaboda hadi kwenye kambi ya zamani. Huko ndiko nilikogundua kwamba mama hajawahi kufika Muheza. Kumwambia mtu atafute mwembe Muheza ni kama kumwambia atafute bajaji Mbagala.

Mwembe wa saba ulikuwa na kaburi. Lilijengewa saruji ya zamani, limemezwa na majani, jina limefutika. Nikamwazima kijana wa bodaboda panga lake, nikavua koti, nikafyeka mwenyewe. Sijashika panga tangu shule ya msingi. Nilifyeka, nikafagia kwa matawi, nikasoma Fatiha, na chozi likatoka, ingawa sikatai kwamba kwenye yale majani kulikuwa na upupu. Kisha nikajipiga picha nimechutama na mkono juu ya kaburi, nikaiweka kwenye status ya WhatsApp na maneno: "Hatimaye nimempata babu. Asante kwa kila ulichotufanyia." Kabla sijanyanyuka walishanipa pole watu 31, akiwemo bosi wangu, ambaye kwa kawaida hata salamu zangu hajibu.

"Wewe! Unamfanyia nini nyapara?"

Nikageuka. Mwanamke wa makamo, kitenge kiunoni, panga mkononi, na vijana wawili nyuma yake.

"Nyapara gani?"

"Huyo unayemlilia."

Nilichokuja kuelezwa baadaye ni kwamba nyapara yule na babu yangu hawakupatana hata siku moja. Inasemekana babu aliomba mwenyewe, akiwa mgonjwa wa kufa, asizikwe upande ule ili wasije wakagombana tena. Na picha yangu na nyapara, mkono begani kama tuseme, ilikuwa inazunguka Dar es Salaam nzima.

Lakini wakati huo nyapara hakuwa tatizo. Tatizo lilikuwa viatu vyangu. Nilikuwa na viatu vilivyopigwa kiwi, daftari kwapani, na simu inayopiga picha makaburi. Katika vijiji vilivyokaa pembezoni mwa mashamba ya mkonge, mtu wa namna hiyo hajaja kuzuru. Mkonge uliposhuka bei, mashamba mengine yakaachwa yakawa pori, watu wakalima mihogo na machungwa, wakazaa, wakazikana humo, na tangu hapo kila anayekuja na daftari kuuliza hapa amezikwa nani, kesho anarudi na wakili. Kwao, anayetafuta kaburi anatafuta mpaka.

"Nani kakutuma?" akauliza yule mama. "Unapima?"

"Sipimi, mama. Natafuta babu yangu."

"Wote wanasema hivyo. Babu yako nani?"

Nikataja jina. Vijana wakatazamana.

"Na baba yako?"

Nikataja la baba. Panga likashuka. Mama akanisogelea, akanishika kidevu kama anachagua nazi, akanigeuza uso upande huu na upande ule, akakaa sana kwenye masikio. Kisha akageukia nyumba zilizoko bondeni akapaza sauti ambayo nadhani na nyapara aliisikia:

"Jamaniii! Mtoto wa Baiskeli kaja!"

Mimi pia niligeuka kumtafuta huyo mtoto wa baiskeli.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka 1969 baba yangu, kijana wa miaka 18, aliamka alfajiri akachukua baiskeli ya babu aina ya Raleigh, iliyokuwa pekee kambi nzima, akasema anakwenda Muheza mjini kununua mafuta ya taa. Hayo mafuta ya taa yanangojwa mpaka leo. Jina lake la kuzaliwa likasahaulika, akabaki Baiskeli. "Mimi ndiye niliyemshikisha chupa," alisema yule mama, ambaye sasa ni shangazi yangu, mtoto wa mdogo wake bibi, aliyelelewa nyumba ile ile. Wakati huo alikuwa na miaka minane. "Na chupa pia hatujaiona."

Nilinyamaza. Baba alitusimulia maisha yake yote kwamba baiskeli ile aliinunua kwa mshahara wake wa kwanza bandarini. Mimi mwenyewe nilijifunzia kuendesha juu ya Raleigh hiyo, Temeke, mwaka 1980. Nina alama yake gotini. Nikajikuta nashusha suruali vizuri, kama vile kovu lingeweza kutambuliwa.

Hakuna aliyebaki, alisema mama. Nilianza kuwahesabu walivyokuwa wanatoka majumbani, na nilipofika 40 nikaacha kwa sababu wengine walikuwa wanazunguka nyuma ya banda na kuja kunisalimia mara ya pili. Na kila mmoja alikuja na cheo chake. Huyu ni binamu, yule mpwa, huyu mkeo kwa utani, yule mkeo pia, huyu mkweo usimshike mkono. Nikaletewa mtoto wa kiume, ana kama miaka tisa, kaptula ya shule, chungwa limejaa mdomoni, maji yanatiririka hadi kiwikoni.

"Msalimie baba yako mdogo," akasema shangazi.

Nikadhani anamwambia mtoto. Nikangoja shikamoo yangu. Mtoto naye akangoja yake. Watu wote wakanyamaza.

"Wewe ndiye mtoto," shangazi akaniambia taratibu. "Huyu ni wa tumbo la mke wa tatu wa babu yako mdogo. Baba yako na huyu ni watoto wa kaka na mdogo wake. Msalimie."

Nina mvi. Nina wajukuu. Nina cheo kazini, si kikubwa, lakini kuna watu wawili wananipisha mlangoni. Nikainama.

"Shikamoo, Baba Mdogo."

Akatema mbegu. "Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Umeniletea nini?"

Mwenye wake hao watatu alikuwa amekaa kwenye kiti cha kamba mlangoni, mzee wa miaka 81, mdogo wake babu yangu. Alinisalimia kwa Kiha. Nikajibu marahaba, watu wakacheka hadi kuku wakakimbia. Hapo ndipo neno Kiha lilipotua kwangu mara ya kwanza, lakini nilijiambia labda mzee amechanganyikiwa. Nikatandikiwa mkeka karibu naye.

"Nimekaa korona miaka 19," akaanza.

Nikasogea na mkeka wangu nyuma kidogo. Yeye hakuona. Ilinichukua muda kuelewa kwamba korona, kwa watu wa mkonge, ni ile mitambo inayosaga majani na kutoa singa. Neno hilo kwao ni la kale na la heshima, na ulipokuja ugonjwa wa 2020 walishangaa kusikia kwenye redio kwamba korona imeingia nchini, wakati wao inawalisha tangu wazungu.

Mzee yule ndiye daftari la ukoo wetu, na kama daftari lolote lina kurasa zilizonyofoka, lakini ukurasa wa mkonge uko wote. Mkonge wenyewe, aliniambia, ni mgeni kuliko sisi. Hapo alinikumbusha nilichokisoma shuleni nikakisahau: mwaka 1893 Mjerumani Dk. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, iliyofika ikiwa hai ni 62 tu, ikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Miche 62 ikajaza Tanga yote, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa inaongoza duniani, zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. (Nilipotazama uani na kuona mzee mmoja na wake watatu wamefanya nini tangu hapo, habari za miche 62 hazikunishangaza tena.)

Jani la mkonge lina mwiba nchani, kazi yake inaanza alfajiri, na wenyeji wa Bonde walikuwa na mashamba yao. Hawakuona haraka ya kwenda kuchomwa vidole kwa senti. Basi vibarua wakafuatwa mbali: Kigoma, Songea, Njombe, Msumbiji, Urundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuwaandikisha, ikaitwa SILABU. Ukiandikwa unapewa namba, na kwa namba hiyo unaitwa, unalipwa, unatukanwa. Ndiyo manamba. Babu yangu aliandikwa mwaka 1948.

"Kaka yangu hakuja kwa treni moja kwa moja," alisema mzee, na sasa sauti yake ilipata majivuno ya mdogo aliyemzidi kaka yake kwa jambo moja tu maishani. "Wakati wake reli ya kati na reli ya Tanga zilikuwa hazijaungana. Treni ilimwacha njiani, wakapakiwa. Mimi nimekuja mwaka 1963, reli imeungana, nimekaa kwenye behewa kama bwana."

"Yeye alipakiwa kwenye nini?" nikauliza, ingawa nilishajua.

"Lori."

Shangazi akaleta mkebe wa biskuti. Ndani yake kulikuwa na vifungo, hirizi moja isiyo na mwenyewe, na kadi ya rangi ya chai iliyokunjwa mara nne. Kipande. Visanduku 30, kimoja kwa kila siku ya kazi. Hukumaliza sehemu yako, siku hiyo haiandikwi, na mwezi wako unaweza kwenda hadi mwezi wa watu wengine. Juu yake wino umefifia lakini unasomeka: namba 1147. Kabila: Muha. Wilaya: Kasulu.

Niliisoma mara tatu. Niliigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kuhusu jahazi.

Wabondei wa Muheza wana bahati zao. Wamisionari wa UMCA waliweka kituo Magila karne ya 19, na mtu wa huko akimtaka babu yake kuna daftari la ubatizo, jina limeandikwa kwa mwandiko wa kulala, na la baba wa ubatizo pembeni. Babu yangu ameandikwa kwenye kadi ya mshahara, na mwandishi wake ni yule yule niliyemfyekea majani mchana. Nyapara ndiye aliyekuwa anajaza visanduku. Visanduku saba vya mwezi ule viko vitupu.

Nilipokuwa naishika ile kadi ndipo nilipoona mikono ya mzee. Kuanzia vidoleni hadi juu ya kifundo, vikovu vidogo vidogo vyeupe, mamia, kama mtu aliyegombana na paka miaka mingi. Nikavitazama sana. Kuna mikono mingine niliwahi kuitazama hivyo, lakini kumbukumbu ilikataa kuja, maana wakati huo huo kililetwa chakula, na baada ya chakula kikaja kikao.

Kuku walichinjwa wawili, ugali wa muhogo mlima, na mapaja yote mawili ya kuku wa kwanza akapewa Baba Mdogo kwa sababu ya cheo. Mimi nilipewa shingo. Kisha binamu mmoja, ambaye nilielezwa kuwa ni katibu, sijui wa nini, akafungua daftari na kusema tuna ajenda moja. Baiskeli.

Nilitaraji watacheka. Hawakucheka. Hoja ilijadiliwa kwa utulivu wa bunge la zamani. Mmoja alitaka thamani ya Raleigh ya mwaka 1969. Mwingine akasema shilingi ya wakati ule ilikuwa shilingi. Shangazi akakumbusha habari ya chupa. Kijana mmoja, aliyeonekana kuwa na maslahi, akasimama na kueleza kwamba tusibishane na zamani, tuangalie kazi ya kile chombo: wakati ule mtu alitoka kijijini kwa baiskeli, siku hizi anatoka kwa bodaboda, kwa hiyo baiskeli ya leo ni bodaboda. Watu wakapiga makofi. Bodaboda mpya ni milioni mbili na ushei.

Nilisafiri nikiogopa, tuseme ukweli, kwamba nikikuta ndugu wataniomba. Kumbe hawakuniomba kitu. Walinidai. Na wao waliponiona na daftari waliogopa nimekuja kudai, kwa hiyo baada ya kikao kila mmoja alikuwa amechangamka isipokuwa mimi.

Kaburi la babu nilipelekwa jua likizama. Halina saruji. Ni kichuguu chini ya mwembe mdogo, upande wa pili kabisa wa kambi, mbali na nyapara. Sikupiga picha. Simu ilikuwa imezima, na hata ingekuwa hai, ningewaeleza nini wale watu 31 walionipa pole kwa ajili ya babu mwingine?

Basi la kesho yake lilipofika Segera nilikuwa nimeshaingizwa kwenye kundi la WhatsApp. Chalinze ujumbe ulikuwa 87. Katibu alitupia ratiba ya michango: kujengea kaburi la babu, mahafali ya darasa la saba ya watoto watatu, jicho la shangazi, na mstari wa mwisho, kwa herufi kubwa, CHOMBO. Kila mstari una kiasi. Kila kiasi kina jina. Jina ni langu. Mtu mmoja aliuliza namba ya kutuma pesa ni ipi, akatuma yeye mwenyewe namba yake, akaondolewa kwenye kundi, akarudishwa baada ya nusu saa kwa kuwa ni mtoto wa katibu.

Usiku ule ule kundi likafika Kasulu. Kuna kijana wa Muheza ana rafiki Kigoma, rafiki ana mjomba, na mjomba anatoka kijiji kile kile. Asubuhi nimeamka nakuta ujumbe wa sauti wa dakika sita kutoka kwa bibi mmoja mwenye sauti ya upole. Babu, alipopanda treni mwaka 1948, aliacha mke na mtoto wa kiume wa miezi mitatu. Alisema mkataba ukiisha atarudi na jembe, shuka na pesa ya ng'ombe. Mtoto yule alikua, akaoa, akazaa, amefariki. Bibi mwenyewe ni mkwe wa babu. Hawadai kitu. Walitaka tu kujua kama alifika.

Nilisikiliza ujumbe huo mara mbili, ya pili bila spika. Mke wangu alikuwa mlangoni na kikombe cha chai.

"Babu kaondoka na ahadi," alisema, "baba kaondoka na baiskeli. Wewe ukitoka hapa usichukue pasi yangu."

Yeye nilikuwa nimemweleza yote usiku, kwa mpangilio wangu, nikianza na upupu na kufika Kasulu kwa kuzunguka sana. Alicheka akashika ukuta. Miaka 26! Akapiga simu Pangani, akapiga Tanga, akapiga kwa mdogo wake Muscat ambaye kule ni usiku wa manane kidogo, na hadi asubuhi nilikuwa na jina jipya ukweni: Mshirazi wa Kasulu. Shemeji zangu wananitumia salamu za mwisho wa reli. Kesho yake jioni, sahani ya wali mbele yangu, ikaja ile kumbukumbu iliyokataa kuja Muheza.

"Yule mzee wenu wa tasbihi," nikasema, "aliyeuliza asili yangu siku ya posa."

"Marehemu babu mkubwa? Kafanyaje?"

"Ujanani alikuwa anafanya kazi gani?"

Mke wangu akashika kijiko hewani. Pangani, Kikogwe, miche 62. Aliniangalia mimi, akaangalia mikono yake mwenyewe, sijui kwa nini, kisha akanipakulia mchuzi bila kuombwa.

"Kula," alisema. "Wali unapoa."

Tangu jioni ile jina la Mshirazi wa Kasulu limeanza kusikika kwa nadra.

Ofisini nilirudi Jumatatu. Niliandika kijiji, kata, Kasulu, Kigoma, kwa mwandiko wa kulala. Binti wa dirishani akatafuta kwenye kompyuta, akakunja uso. Kijiji hicho, alisema, hakiko Kasulu. Kiko Buhigwe, wilaya iliyomegwa kutoka Kasulu mwaka 2012. Nikamweleza kwamba babu yangu alizaliwa zamani na hakuweza kungoja. Akauliza iandikwe wilaya aliyozaliwa au wilaya iliko sasa. Nikamwambia aandike yoyote, hata zote mbili, nafasi ipo. Akasema yeye hawezi kuamua, ngoja amwulize mkubwa wake, akaingia ndani na karatasi zangu. Hiyo ni wiki ya tatu sasa.

Jana usiku simu ikalia mlio wa kundi, nikadhani ni katibu. Ilikuwa sauti ya Baba Mdogo, kaazima simu ya mama yake, nyuma yake mbuzi analia. Kwanza alingoja kidogo, na mimi peke yangu kitandani, nusura niseme shikamoo. Kisha akasema shule zinafunguliwa, anaingia darasa la nne, viatu vyeusi, vya kamba, visivyo vya mtumba. Akasita, nikasikia mtu anamnong'oneza.

"Namba 34," akasema. "Usisahau namba."